Ndiva Isiyo na Ukuta

Nyumbani kwa Sifael na Dorkas makande yalikuwa hayaishi. Yalipikwa jioni, yakaliwa jioni. Yaliyobaki yalipashwa moto asubuhi, yakaliwa tena. Siku moja binti yao mdogo, Blessing, aliitazama sahani yake kwa muda, akauliza:

"Baba, mbinguni nako kuna makande?"

"Yapo," alisema Sifael. "Ila ya kule yana nazi."

Dorkas alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. "Vumilia, mwanangu. Mpunga ukikomaa utakula wali mpaka useme basi."

Mpunga huo ndio ulikuwa tumaini lao lote. Sifael na Dorkas walizaliwa Myamba, juu milimani. Huko mashamba yamegawanywa kwa ndugu, yakagawanywa tena, mpaka mengine yanatosha kusimama mbuzi mmoja, tena asigeuke. Ndiyo maana waliamua kushuka. Walihamia kijiji kimoja cha tambarare, si mbali na Kihurio. Kijiji kiliwapa majaruba manne ya mpunga, pembeni kabisa, karibu na mto.

Siku walipofunga mizigo, Asheri, kaka yake Sifael, alisimama mlangoni na mikono mfukoni.

"Nendeni," alisema. "Mkishindwa, rudini. Nitawaachia kile kipande cha nyuma ya choo changu."

Maneno hayo Sifael aliyameza, lakini hayakushuka. Yalimkaa kooni. Mpunga ukikubali, wangebaki tambarare. Mpunga ukikataa, wangepanda mlima na kurudi nyuma ya choo cha Asheri.

Mwaka huo masika yalichelewa. Mpunga ulikuwa umebeba mimba, yaani masuke yamejificha ndani ya shina, yanajiandaa kutoka. Huo ni wakati ambao mpunga unataka maji kuliko wakati wowote. Lakini maji ya mfereji yalikuwa ya zamu, na zamu ya Sifael ilileta maji kiduchu. Majaruba yake yalianza kupasuka kama visigino.

Ubavuni mwa majaruba hayo palikuwa na hifadhi ndogo ya kijiji. Ilikuwa kinamasi, mahali penye tope, matete, mafunjo na maji yaliyosimama. Mto ulitoka milimani, ukaingia humo, ukapotea katikati ya matete. Ulitokea tena upande wa chini, taratibu, na hapo ndipo lilipokuwa banio, lango la kuingiza maji kwenye mfereji wa kijiji. Kijiji kilikuwa kimeweka bango: USILIME. USIKATE. USICHUNGE.

Watu waliipachika jina. Waliiita Hifadhi ya Vyura.

"Wenzetu pale Mkomazi wana vifaru," mzee Sadock alizoea kusema. Yeye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mfereji. "Sisi tuna vyura. Mtalii akija huku, itabidi achuchumae."

Mlinzi wa hifadhi hiyo alikuwa mwanamke mmoja mrefu, Hedwiga, mwenye gambuti za njano na sauti kubwa. Alikuwa akicheka na watu wote. Lakini ukikata tete moja tu, kicheko kiliisha.

Asubuhi moja Sifael alisimama kwenye ukingo wa jaruba na kukitazama kinamasi.

"Mama Blessing, hebu angalia," alimwambia mkewe. "Mpunga wangu unakufa kwa kiu. Na maji yamelala pale kama mzee aliyelewa dengelua!"

"Yaache yalale. Ni hifadhi."

"Kwetu juu maji hayalali bure. Mtu akiona maji, anachimba mfongo na kuyapeleka shambani. Mababu zetu walipitisha mifongo kwenye miamba. Mimi nishindwe na tope?"

"Bango linakataza."

"Bango linasema usilime, usikate, usichunge. Umeona mahali limesema usichimbe mfongo?"

"Halikusema usichome moto pia," alisema Dorkas. "Utachoma?"

Sifael alikigeukia tena kinamasi. Alikuwa ameshaanza kupima kwa macho mfongo upite wapi.

Jumapili iliyofuata tumbo la Sifael liliuma. Liliuma mpaka Dorkas na Blessing walipopotea kwenye kona ya kwenda kanisani. Halafu likapona. Akachukua jembe na sepetu.

Hedwiga naye alikuwa kigangoni kwao, kwenye kwaya. Sauti yake ilivuka mashamba na kufika mpaka kwenye matete. Sifael alifurahi kuisikia. Maadamu mlinzi anaimba, hayupo hapa! Alichimba kwa kufuata mapigo ya nyimbo. Wimbo ulipoenda mbio, na jembe likaenda mbio.

Udongo ulikuwa laini kama ugali wa mgonjwa. Kabla ibada haijaisha, mfongo ulikuwa umetoka kwenye kinamasi na kufika kwenye jaruba. Maji yakaja. Yalikuwa meusi, yananuka majani yaliyooza, lakini yalikuwa maji. Sifael alisimama katikati ya jaruba na kucheka peke yake.

Dorkas alirudi na kitenge cha kanisani, akasimama kwenye ukingo.

"Tumbo limepona?"

"Limepona."

"Naona. Limehara mpaka kwenye jaruba."

Sifael alicheka. Dorkas hakucheka. Alimshika Blessing mkono, wakaenda nyumbani.

Kwa siku chache mambo yalikuwa mazuri. Mpunga wa Sifael ulirudi kuwa kijani. Mzee Sadock alipita, akatikisa kichwa.

"Kijana, unatumia dawa gani?"

"Samadi tu, mzee."

"Samadi ya mnyama gani?"

"Ya... mchanganyiko."

Lakini mfongo ule ulikuwa na tabia ambayo Sifael hakuijua. Milimani, mfongo hupita kwenye udongo mgumu na mawe. Ukiuchimba kwa upana wa jembe, unabaki hivyo. Hapa maji yalikuwa yanazila kingo zake. Upana wa jembe ukawa upana wa beseni. Upana wa beseni ukawa upana wa mlango. Na kila ulipotanuka, ulizama chini zaidi.

Kinamasi kikaanza kuonyesha mgongo. Matete yakawa ya njano. Kambale walibaki wanapiga mikia kwenye tope, na korongo wakaja kuwala. Walipowamaliza, na wao wakaondoka. Kisima cha kina mama, kilichokuwa jirani na hifadhi, kikaanza kutoa tope.

"Leo nimechota matope ndoo nzima," alisema Dorkas jioni. "Nikitaka kukandika nyumba, nina mtaji. Lakini maji ya kupikia sina."

"Ni jua hili," alisema Sifael.

"Ndiyo. Ni jua lenye jembe na sepetu."

Halafu kwenye banio maji yalikatika. Mfereji wa kijiji kizima ukakauka. Sifael alikimbilia mfongo wake. Nao ulikuwa umekauka. Hakukuwa na maji ya kuvuta tena. Majani ya mpunga wake yalianza kujisokota kama sigara.

Mzee Sadock aliitisha mkutano pale banioni. Watu walikuja na hasira.

"Ni ng'ombe wa Loserian!" alipaza sauti mkulima mmoja, Eliamini. "Kila siku wanakunywa pale. Wamekunywa bwawa lote!"

"Kweli! Waondoke!"

Loserian alikuwa amesimama nyuma, ameegemea fimbo yake. Alikuwa mfugaji wa makamo. Ng'ombe wake walikuwa na ruhusa ya kunywa mahali pamoja tu, penye mawe, nje ya matete, na tangu apewe ruhusa hiyo hakuwahi kuivunja.

"Ng'ombe wangu wana matumbo," alisema polepole. "Majembe hawana. Mimi nimeona jembe limepita huko juu. La nani, sijui. Lakini siyo la ng'ombe."

"Usitupotezee muda," alisema Eliamini. "Mzee Sadock, toa uamuzi. Ng'ombe wasikanyage hapa tena."

"Wakanywe wapi?" aliuliza Loserian. "Hakuna maji mengine mpaka kule mbali sana. Ndama hawafiki."

Mzee Sadock alikuna kichwa. Watu walimkazia macho aseme neno. Sifael alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Kama angenyamaza, jambo lingeisha kwa ng'ombe. Kama angesema, huenda kijiji kingemnyang'anya majaruba, na safari ya Myamba ingeanza kesho. Dorkas alisogea karibu yake, akamkanyaga mguu. Hakumkanyaga kwa bahati mbaya. Na hakuuondoa mguu wake.

Sifael alisimama.

"Mzee Sadock, shikamoo."

"Marahaba. Lakini tulishasalimiana."

Watu walicheka kidogo.

"Ni mimi," alisema Sifael. "Nilichimba mfongo kwenye hifadhi. Sikujua kama utafika hapa. Ng'ombe wa mzee Loserian hawahusiki."

Kicheko kilikatika.  Kisha makelele yakaanza, kila mtu anasema lake. Mmoja alisema apelekwe polisi. Mwingine alisema anyang'anywe majaruba leo hii.

Hedwiga alipiga makofi mara moja. Kwa sauti ile na viganja vile, ilitosha.

"Kabla hamjamla mtu mbichi, twendeni tukaone," alisema. "Wote. Na wewe Sifael, tangulia. Njia unaijua."

Walifika kwenye mfongo. Wengi walishtuka. Ulikuwa mkubwa kiasi cha kumficha ndama. Hedwiga alishuka ndani yake na gambuti zake za njano, akamgeukia Sifael.

"Wewe umetoka Myamba, siyo?"

"Ndiyo, dada Hedwiga."

"Kwenu kuna ndiva?"

"Zipo. Zamani sana zilijengwa, za mawe na udongo. Maji ya kijito yanaingia usiku, yanalala humo. Asubuhi inafunguliwa, watu wanamwagilia kwa zamu."

"Kwa nini msiyaache yapite tu usiku?"

"Yatapotea! Kijito ni kidogo. Bila ndiva, maji hayana nguvu ya kufika mashambani."

"Na mtu akiamka mapema akabomoa ukuta wa ndiva ili anyweshe shamba lake peke yake?"

"Hakuna mtu anafanya hivyo," alisema Sifael kwa haraka. "Hata mwendawazimu hafanyi. Atatozwa mbuzi, na watu hawatamsalimia mwaka mzima."

 Hedwiga alinyoosha tu mkono kuonyesha kinamasi kilichokauka, halafu akaonyesha mfongo aliosimama ndani yake.

Sifael alitazama. Aliona mto ulivyokuwa unaingia upande wa juu. Aliona uwanda mpana ambao maji yalikuwa yamelala. Aliona mlango mwembamba wa chini, ambako yalikuwa yanatoka polepole kwenda banioni. Halafu akauona mfongo wake ubavuni, kama tundu kwenye ndoo.

"Mungu wangu," alisema. "Ni ndiva."

"Ni ndiva," alisema Hedwiga. "Haina ukuta wa mawe, ndiyo maana hukuitambua. Hakuna babu aliyeijenga. Kitaalamu inaitwa ardhi oevu, lakini kazi yake ni ileile. Ukuta wake ni haya matete na mafunjo. Maji ya mto yakija kwa kasi, mashina yanayapunguza mwendo. Udongo wa chini unayafyonza kama sifongo. Mvua zikikatika, unayaachia kidogo kidogo. Yale maji ya mfereji mliyokuwa mnapata wakati wa kiangazi, mlidhani yanatoka wapi?"

"Mlimani," alisema Eliamini.

"Mlimani yalitoka wakati wa mvua. Kiangazi yalikuwa yanatoka hapa. Na kisima cha kina mama kilikuwa kinajazwa na hapahapa, kwa chini ya ardhi."

"Na tope?" aliuliza Dorkas. "Mto unaingia mwekundu, unatoka mweupe. Nimekuwa nikijiuliza."

"Umeuliza swali la mwenye akili. Maji yakipungua mwendo, tope linashuka chini. Linabaki hapa. Bila kinamasi, tope hilo lingekwenda kuziba mfereji wenu, na kila mwezi mngekuwa mnazibua."

"Lakini mbu, je?" aliuliza mzee Sadock. "Tuseme ukweli. Pale ni kiwanda cha mbu."

"Mbu wapo, mzee, sikatai. Lakini samaki wadogo na wadudu wa majini wanakula viluwiluwi vya mbu, na wale vyura mnaowacheka wanakula mbu wenyewe. Kinamasi kikifa, yanabaki madimbwi madogo kwenye nyayo za ng'ombe. Humo hakuna samaki. Mbu watafanya harusi. Kwa hiyo lindeni kinamasi, na mlale kwenye chandarua. Yote mawili."

 Sifael alipanda kutoka kwenye mfongo na kumgeukia mzee Sadock.

"Nimefungua ndiva ya watu," alisema. "Kwa hiyo adhabu naijua. Mbuzi wangu ni mmoja, mchukueni. Na maji yakirudi, mimi niwe wa mwisho kwenye zamu. Lakini naomba mniache niuzibe."

"Wa mwisho?" mzee Sadock alimtazama. "Mpunga wako una mimba. Ukiwa wa mwisho unaweza kukosa vyote."

"Najua, mzee."

Dorkas alisogea, akasimama ubavuni mwake.

Sifael hakusubiri mtu. Alianza kuziba siku ileile, kama wanavyoziba Myamba. Alibeba mawe makubwa na kuyapanga kwenye mdomo wa mfongo, akashindilia udongo. Asubuhi alipokwenda, mawe hayakuwepo. Tope lilikuwa limeyameza kama vidonge. Akaweka mengine. Nayo yakazama. Mabega yake yalichubuka, mikono ikatoka malengelenge, na mfongo ulibaki wazi vilevile.

Hedwiga alimkuta amekaa kwenye tope, amechoka.

"Unajenga ukuta wa mlimani kwenye uji," alisema. "Hautakaa. Hapa hatuzuii kwa uzito. Tunazuia kwa mizizi."

Alimwonyesha. Kwanza, vigingi virefu vinapigiliwa mpaka vifike kwenye udongo mgumu. Kisha matita ya matete makavu yanalazwa katikati ya vigingi. Juu yake vinawekwa viroba vilivyojazwa udongo. Mwisho, yanapandikizwa mashina mabichi ya matete na mafunjo, yenye mizizi yake, yameshikamana.

"Viroba vitaoza," alisema Hedwiga. "Lakini vikioza, mizizi itakuwa imeshashika. Ukuta wako utakuwa hai. Ila kazi hii si ya mtu mmoja."

"Nani atanisaidia? Ni mimi niliyewakausha."

"Umewahi kuwauliza, au unakisia?"

Kesho yake mzee Sadock alipiga mbiu ya msaragambo. Kwa Wapare, msaragambo ni kazi ya wote. Ukiusikia, unachukua jembe. Walikuja. Hawakuja kwa kumpenda Sifael. Walikuja kwa kuyataka maji. Eliamini alikuja na maneno, lakini alikuja pia na viroba.

"Kwa hiyo ile samadi ya mchanganyiko uliyomwambia mzee Sadock," alimwambia Sifael, "ilikuwa mchanganyiko wa mfereji wangu na kisima cha mke wangu?"

"Nipige, Eliamini, halafu nisaidie kubeba."

"Nikikupiga utanisingizia umeumia, uache kazi. Shika hapa!"

Loserian alifika na punda wake watatu, wakabeba udongo. Sifael alimfuata.

"Mzee Loserian, shikamoo. Nisamehe. Ningekaa kimya muda kidogo zaidi, ndama wako wangekufa."

"Marahaba," alisema Loserian. "Ulikaa kimya kidogo. Halafu ukasema. Mimi nahesabu hicho cha mwisho. Jaza kiroba, punda anasubiri."

Walipiga vigingi. Walilaza matita. Walipanga viroba. Kina mama walisimama kwenye tope mpaka kiunoni, wakipandikiza mafunjo kama wanavyopandikiza mpunga. Mbuzi wa Sifael aliliwa mchana wa siku ya pili. Blessing alilia kidogo, kisha akaomba nyongeza.

Mdomo ulipozibwa, hakukuwa na la kufanya ila kungoja mvua. Anga lilikuwa jeupe. Asheri alipiga simu kutoka Myamba.

"Nasikia mmekauka," alisema. "Nimeshafyeka nyuma ya choo. Mnakuja lini?"

"Panda maharage hapo, kaka," alisema Sifael. "Sisi bado tuna kazi."

Alipokata simu, Dorkas alimtazama. "Una uhakika?"

"Sina. Lakini nina kazi."

Mvua ilinyesha mlimani alasiri moja, bila hata tone kufika tambarare. Waliiona tu, pazia jeusi juu ya milima. Hedwiga alipita mbio akigonga milango. "Maji yanakuja! Twendeni kwenye zibo!"

Mto ulikuja mwekundu, umebeba matawi na povu. Uliingia kwenye kinamasi kwa kishindo. Watu walisimama ukingoni. Maji yalifika kwenye matete, yakapigana nayo, yakapungua mwendo. Yakatanuka huku na huku. Yakaanza kupanda kwenye zibo.

"Linavuja!" alipiga kelele Dorkas. "Pale kushoto!"

Kijito chembamba kilikuwa kimepenya kati ya viroba viwili. Sifael alijua mwendo wa kijito cha namna hiyo. Kinaanza kama kidole, kinaishia kama mlango. Aliruka ndani, akaegemeza mgongo kwenye viroba.

"Leteni matita! Leteni udongo!"

Eliamini akaruka naye. Loserian alirusha viroba kutoka juu. Dorkas alisokomeza majani na tope kwa mikono yake yote miwili. Maji yalimfika Sifael kifuani, baridi, mazito. Miguu yake ilizama. Hakusogea.

"Ukizama nitamwambia nini Asheri?" alifoka Dorkas huku akisokomeza.

"Mwambie... nimepata... shamba kubwa!"

Kijito kikawa uzi. Uzi ukakatika. Zibo likasimama.

Jioni hiyo walipata habari za korongo la upande wa pili, ambalo watu walifyeka matete yake zamani. Maji ya mvua ileile yalishuka huko bila kuzuiwa na kitu. Yalifunika mahindi kwa mchanga, yakapita, yakaenda zake. Kesho yake korongo lilikuwa kavu. Lakini kwenye banio la kina Sifael maji yalitokea taratibu, meupe, na hayakukatika.

Zamu zikaanza. Wa kwanza alifungua, akafuata wa pili. Kila asubuhi Sifael alikwenda kwenye majaruba yake na kutazama. Masuke yalikuwa yanataka kutoka. Mengine yalitoka nusu, yakanyauka. Aliweza kusikia maji yakipita kwenye mfereji, karibu kabisa na jembe lake. Angefungua kidogo tu, nani angejua?

Mzee Sadock alimkuta amesimama hapo.

"Sifael, tumezungumza kwenye kamati. Ukipenda, tukuingize leo, kabla ya Eliamini. Naye amekubali."

Sifael alitazama mpunga wake. 

"Mpunga wa Eliamini nao una kiu, tena kwa sababu yangu. Nitasubiri zamu yangu, mzee."

Zamu yake ilipofika, Dorkas ndiye aliyefungua. Maji yaliingia kwenye jaruba la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu. Waliyafuata kwa miguu, wakiziba matundu ya panya kwa visigino.

Siku ya mavuno walipiga mpunga kwenye turubai na kupepeta. Jaruba la chini lilikuwa limekwisha kabisa. La tatu lilitoa mapepe mengi kuliko punje, yakaruka na upepo kama mbawa za kumbikumbi. Lakini majaruba mawili ya juu yalijaza magunia. Hayakuwa magunia ya kujigamba. Yalikuwa magunia ya kubaki. Siku hiyo Blessing alikula wali, akaongezwa, akasema basi.

Matete ya zibo yalikuwa yameota. Kisima cha kina mama kilikuwa kimerudi, na kijiji kilikubaliana kwamba kila mwaka, wakati wa kiangazi, kaya zitakata matete ya mikeka kwa zamu, kwa siku watakazopanga na Hedwiga. Loserian alibaki na mahali pake pa kunyweshea, na wakulima walisaidia kupaongezea mawe ili kwato zisichimbue ukingo.

Msimu mpya ulipofika, Sifael alimwita Hedwiga kwenye majaruba.

"Jaruba hili la chini liko karibu mno na kinamasi," alisema. "Nimeamua kuliacha. Nitapanda mafunjo, liwe sehemu ya hifadhi."

"Hakuna aliyekuagiza," alisema Hedwiga.

"Najua. Lakini nikilima majaruba matatu yenye maji, napata zaidi kuliko manne yenye nyufa. Hesabu hiyo nimeilipia."

Eliamini alikuwa anapita na jembe begani. "Umepewa ardhi, unawarudishia vyura?"

"Wananitunzia maji. Nisiwape hata kibanda?"

Hedwiga alicheka mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye matete. Kisha akashika mwisho mmoja wa kamba, na Sifael akashika mwingine. Wakavuta mpaka mpya kati ya shamba na hifadhi. Sifael alipigilia kigingi, akasimama kuutazama kwa fahari.

Dorkas, aliyekuwa amechuchumaa na miche ya mafunjo mkononi, aliinua kichwa.

"Baba Blessing, kamba yako imepinda."

"Wapi?"

"Hapo mwisho. Imepinda kuja upande wa hifadhi. Unawaibia."

Sifael alifumba jicho moja, akatazama. Kweli, ilikuwa imepinda. Alikuna kichwa, akang'oa kigingi, akarudi nyuma ndani ya shamba lake, akakipigilia upya.

"Sasa je?"

"Sasa imenyooka," alisema Dorkas, na akapanda mche wa kwanza.